Tundu la Hewa Linapogoma

Kipimajoto kilikuwa kimeshapita nyuzi 150 na bado kinapanda. Nyama ilikuwa ndani ya jiko la moshi, mkaa umeshika kuliko nilivyotaka, na kilichohitajika ni kitu kidogo tu: kusogeza kishikio cha tundu la chini ili moto upunguziwe hewa. Nikakishika kwa glavu, nikakisukuma. Hakikusogea. Nikaongeza nguvu, kishikio kikaanza kupinda, lakini bamba lenyewe, lile linaloziba tundu, likabaki pale pale, nusu wazi, hewa ikiendelea kuingia.

Jiko halikuwa langu. Lilikuwa la rafiki yangu, mtu aliyekaa na moto wa mkaa miaka mingi kuliko mimi, na aliyeniachia nilisimamie kwa muda. Nikamwita. Akaja bila haraka, akatazama, akakata kipande cha karatasi ya alumini, akakikunja na kukibandika kwa nje juu ya tundu. Baada ya muda joto likaanza kuteremka. Nikamuuliza matundu yale yalisafishwa lini mara ya mwisho.

"Kaka," akasema, "jiko la moshi halioshwi. Hayo masizi ndiyo ladha yenyewe."

Nyama ilitoka vizuri. Maneno yake ndiyo yaliyonikaa.

Wiki kadhaa nimekuwa nikiyarudia kichwani. Rafiki yangu si mtu wa kusema ovyo, na nyama anayoitoa kwenye jiko lile ni ushahidi tosha kwamba anajua anachofanya. Wala hayuko peke yake. Ukikaa na wapishi wa moshi utaisikia kauli hiyo mapema sana. Lakini upande wa pili kulikuwa na lile bamba lisilosogea, na joto lililokuwa likipanda huku tukilitazama. Kama masizi ni sehemu ya jiko, ni wapi yanapoacha kuwa sehemu yake na kuanza kuwa kizuizi?

## Hewa ndiyo amri pekee

Kwenye gesi unapunguza moto kwa kupunguza gesi. Kwenye mkaa huna nafasi hiyo. Ukishaumimina, wote uko ndani tangu mwanzo, unangoja zamu yake. Kipande cha mkaa kinachowaka sawasawa hupita nyuzi 700 za Selsiasi, ilhali nyama ya kuiva polepole kwa moshi inataka joto la nyuzi 107 hadi 135 hivi kuizunguka. Tofauti yote hiyo inategemea ni vipande vingapi vimeruhusiwa kuwaka kwa wakati mmoja, na ruhusa hiyo inatoka kwenye matundu ya hewa, si kwingine.

Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya vyuma ya Weber Brothers huko Chicago, alichukua boya la chuma, akaligawa, na kutengeneza jiko la mviringo lenye mfuniko. Watu humkumbuka kwa umbo lile. Mimi naona kilicholifanya jiko la namna hiyo lifae ni matundu. Mfuniko usio na tundu unauzima moto. Mfuniko wenye tundu linalofungwa na kufunguliwa unampa mpishi usukani.

Hewa ya moto hupanda na kutokea tundu la juu, na kwa kutoka kwake huvuta hewa baridi iingie kwa chini. Ndiyo maana wengi huliacha tundu la juu wazi, nusu au zaidi, wakafanya marekebisho yao kwa matundu ya chini. Marekebisho yenyewe ni madogo mno. Upana wa kidole unaweza kutenganisha moto unaotulia usiku kucha na moto unaoikausha nyama kabla ya saa yake.

Sasa bamba ligande.

Likiganda wazi, huna njia ya kuteremsha joto, na mwisho wa kupika huna njia ya kuuzima mkaa uliobaki. Unateketea wote bure. Baya zaidi ni mafuta yakishika moto ndani. Jambo la kwanza la kufanya hapo ni kufunga kila tundu ili moto ukose hewa, na wewe tundu lako halifungiki.

Likiganda limefungwa, au limebakiza ufa tu, shida huja taratibu, na hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Moto unaungua nusunusu. Moshi unakuwa mzito na mweupe. Moshi mzuri wa kupikia ni mwembamba, wenye rangi ya samawati kwa mbali, kwa sababu chembe zake ni ndogo kiasi cha kuutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine. Ule mweupe mzito umebeba matone makubwa zaidi: mvuke wa maji, lami, vitu ambavyo havikupata hewa ya kuungua. Nyama inatoka chungu na kuacha ulimi na ganzi. Mwenye jiko analaumu kuni, analaumu mkaa, anabadilisha vyote viwili, na bamba liko pale pale.

## Alipokuwa na haki

Sikutaka kumpinga rafiki yangu kabla ya kumpa haki yake.

Ukuta wa ndani wa jiko lililotumika una utando mweusi, mkavu, mgumu. Ni mafuta na moshi vilivyokauka tabaka juu ya tabaka hadi vikashikana na chuma. Utando huo unazuia unyevu usikifikie chuma, na jiko jipya hupakwa mafuta na kupitishwa moto mara ya kwanza hasa ili utando uanze kujengeka. Anayezisugua kuta mpaka chuma kionekane anajitafutia kutu. Katika hilo rafiki yangu yuko sahihi kabisa, na mimi pia kuta zangu sizigusi.

Lakini ladha? Hapo ndipo nilipoanza kusita.

Ladha ya moshi inatokana kwa sehemu kubwa na kemikali za jamii ya fenoli, zikiwemo guaiakoli na siringoli. Zinazaliwa pale lignini, ile inayoipa kuni ugumu wake, inapovunjwa na joto. Zinasafiri na moshi mbichi, zinatua juu ya nyama yenye unyevunyevu, na kazi yake inaishia hapo. Kilichoganda kwenye tundu la hewa tangu mapishi ya zamani ni kitu kingine: lami, kaboni, mafuta yaliyochakaa. Kikipashwa moto tena kinatoa harufu, naam, na yeyote aliyewahi kuwasha jiko lililokaa chafu muda mrefu anaijua harufu hiyo. Hakuna anayeitamani kwenye nyama.

Kisha kuna vile vipande vyeusi vilivyokunjamana ndani ya mfuniko. Wengi hudhani ni rangi ya jiko inabambuka. Siyo. Kwenye majiko yenye enameli, enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwa joto la nyuzi 800 hivi. Ikigongwa humeguka, haibambuki kama karatasi nyembamba. Vipande vile ni mafuta na moshi vilivyogeuka kaboni, na chini yake iko nyama. Nilimuuliza rafiki yangu anavifanyaje. Akasema anavifuta kwa karatasi iliyokunjwakunjwa kila anapoona vinaning'inia.

Kwa hiyo anaosha.

Hapo mawazo yangu yakageuka. Kumbe hata yeye, aliyeniambia jiko halioshwi, alikuwa na mipaka yake. Hakuwahi tu kuitamka. Ukuta hauna kazi ya kusogea, basi uachwe na utando wake. Tundu la hewa kazi yake yote ni kusogea. Utando uleule unaoulinda ukuta, ukiingia katikati ya bamba na kitako chake, unaligeuza tundu kuwa ukuta.

Nilimweleza hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nije siku jiko likiwa baridi.

## Juu lami, chini kutu

Tulichukua tochi, tukalitazama jiko kwa karibu kabla ya kugusa chochote. Nilidhani tutakuta uchafu wa aina moja kila mahali. Tulikuta wa aina mbili, na kila mmoja una tabia yake.

Tundu la juu ni bamba la duara linalozunguka kwenye ribiti ya katikati, ile pini ya chuma iliyopondwa kichwa isitoke. Ukingoni mwake, pale linapogusana na mfuniko, kulikuwa na kitu cha kahawia iliyokolea, chenye kung'aa, kimejaza ufa wote na kuacha vitone vilivyoganda upande wa chini. Ukikibonyeza kwa ukucha kinabonyea kidogo na kuacha alama. Hiyo ni lami ya moshi. Moshi unapanda ukiwa na mvuke wa vitu vingi, unakutana na chuma kilichopoozwa na hewa ya nje, na vile vizito vinageuka matone na kung'ang'ania hapo. Moto ukiwa mdogo na hewa ikiwa haba, lami inaongezeka. Kwa hiyo tundu lililoanza kuziba linazalisha kitu kilekile kinachoendelea kuliziba.

Chini hakukuwa na mng'ao wowote. Kulikuwa na ganda la kijivu, la chengachenga, na mistari ya rangi ya chungwa ikichungulia kando ya ribiti. Majivu, matone ya mafuta, na maji. Majivu ya mkaa yana chumvi za potasiamu na kalisi, na yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa na kuushikilia. Yakilowa, maji yake yana ukali wa magadi. Maji hayohayo ndiyo yaliyotumika tangu zamani kutengenezea sabuni. Alumini haipatani hata kidogo na ukali huo. Chuma cha kawaida nacho, kikikaa na unyevu juu yake wiki baada ya wiki, kinashika kutu.

Kutu ina jambo moja ambalo nadhani ndiyo siri ya matundu yote yanayogoma kwa chini: inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma ilichokila. Katika uwazi mwembamba wa mabamba mawili haina pa kwenda. Inayabana. Unaposukuma kishikio hushindani na uchafu tu. Unashindana na kabari iliyojijenga yenyewe kwa miezi.

Ushauri unaopendwa sana ni kuwasha moto mkubwa, kufungua kila kitu, na kuacha uchafu uungue. Kwa tundu la juu unasaidia kiasi, kwa sababu lami hulainika kwa joto. Kwa matundu ya chini hausaidii lolote. Pale ndipo hewa baridi inapoingilia; ni miongoni mwa sehemu zenye joto dogo kabisa katika jiko zima, hata juu kukiwa kunawaka vikali. Na mafuta yaliyotuama ndani yakishika moto, utazitamani zile njia za kufunga hewa ambazo bado hujazilegeza. Kwenye majiko ya udongo wa kauri kuna pia ule ukanda wa kuzibia ukingo wa mfuniko, ambao moto wa namna hiyo unaweza kuuharibu. Mimi njia hiyo siipendi.

## Kulegeza

Kishikio kisishikwe kwa plaizi. Ni bati jembamba, na mara nyingi limepachikwa mahali padogo sana. Litachanika au kubaki mkononi, na bamba litakuwa halijasogea hata chembe. Nguvu inatakiwa ielekezwe kwenye bamba lenyewe, kidogokidogo, baada ya kinacholishika kulainishwa.

Juu tulianza na joto. Vipande vichache vya mkaa, mfuniko umefungwa, hadi chuma kikawa cha moto sawasawa. Mashine ya kukaushia nywele ikielekezwa kwenye bamba inafanya kazi hiyo pia, na kwa usalama zaidi. Kisha tukautoa mfuniko kwa glavu, tukauweka chini, tukaegesha kijiti cha mbao ngumu kwenye ukingo wa bamba na kukigonga kwa nyundo ndogo. Upande huu, halafu ule. Upande huu, halafu ule. Si mapigo ya kuvunja. Ni ya kutikisa.

Kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Nilianza kuwaza kwamba labda tunapoteza muda, labda bamba limeshashikana na mfuniko moja kwa moja. Kisha nikaona uzi mwembamba wa chuma kisafi pembeni ya bamba, mahali ambapo palikuwa pameziba. Lilikuwa limesogea upana wa unywele.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Lami ikiwa bado na joto inakwanguka kwa ubapa wa mbao au plastiki. Ikishapoa inakuwa ngumu na utaikwangua kwa jasho. Mabaki tuliyaosha kwa maji ya moto, sabuni na brashi ya nailoni, na palipokuwa sugu tukapaka bekingi soda iliyokorogwa na maji kidogo hadi iwe nzito, tukaiacha kidogo, tukasugua.

Chini tulikwenda kinyume: kwanza kavu. Ukiyamwagia majivu maji kabla ya kuyafagia yanageuka uji unaoingia kila ufa na kukauka humo. Tulifagia kwa brashi, tukagonga taratibu kwa ndani na nje mpaka chenga zikaacha kudondoka, ndipo tukafunga kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto na sabuni juu ya bamba. Kadi ngumu ya plastiki iliyopitwa na wakati inapenya vizuri kati ya mabamba. Ikishapenya, unafuata kwa ukanda wa msasa uliokunjwa, unauvuta ndani nje, msasa ukitazama upande wenye kutu. Kazi hii ni ya subira, na sijaona kitu cha kuipita. Lile bamba lililokuwa limekwama nusu wazi lililegea kwa njia hiyo.

Siki inalegeza kutu, lakini ina masharti. Isilazwe usiku kucha, isipelekwe kwenye alumini, na ikimaliza kazi isuuzwe na chuma kikaushwe pale pale, kwa sababu chuma kilichotoka kwenye siki kinashika kutu mpya haraka ajabu. Watu hupenda kumwaga siki na bekingi soda kwa pamoja kwa sababu ya lile povu. Vitu hivyo viwili vinauana. Povu likiisha unabaki na maji yenye chumvi kidogo. Chagua kimoja.

Kuna vitu ambavyo sikuvikubali kabisa jikoni mle. Dawa za kupulizia za kulegeza nati zina mafuta ya petroli, na zinashika moto. Najua wapo wanaozitumia kisha wakaliwasha jiko tupu ili ziungue. Mimi sitaki zipite karibu na nyama. Dawa kali za kusafishia oveni, zile zenye kostiki soda, ni hatari kwa alumini: zinaila na kutoa haidrojeni. Jaribu kwa sumaku kwanza. Isiposhika, chukulia kwamba bamba ni alumini na uiache chupa hiyo.

Na brashi ya waya. Kwa nje ya tundu la chini sina neno nayo sana. Kwa ndani, na popote karibu na wavu wa nyama, nina neno. Mwaka 2012 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa taarifa kuhusu wagonjwa sita huko Providence, Rhode Island, waliotibiwa kati ya 2011 na 2012 baada ya kumeza vipande vya waya vilivyokatika kwenye brashi za kusafishia majiko ya kuchomea. Wengine walichomwa kooni, wengine utumbo. Waya mmoja ni mwembamba kiasi cha kutoonekana juu ya nyama iliyoiva. Brashi ya nailoni inachelewa, na sina shida na kuchelewa.

Kazi yote hii ifanyike nje, hata ukiwa unapasha mfuniko tu. Mkaa unaofifia unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na jiko lililofungwa matundu yote linaweza kuwa na makaa hai kwa saa nyingi. Watu wamekufa kwa kuingiza ndani jiko walilodhani limezimika.

## Mafuta, au pakavu?

Bamba lilipoanza kuzunguka, rafiki yangu alikwenda moja kwa moja kuchukua mafuta ya kupikia. Ni jambo la kawaida kabisa: kitu kimelegea, kipake mafuta kisigande tena.

Nilimwomba asubiri. Mafuta ya kupikia yakipata joto na hewa mara kwa mara hayabaki mafuta. Molekuli zake zinashikana, yanakuwa mazito, kisha yananata, kisha yanageuka utando mgumu. Ndivyo kikaango cha chuma kinavyopata weusi wake, na ndivyo ukuta wa jiko unavyopata kinga yake. Tulikuwa tumetoka kuutoa utando huo kwenye tundu, na mafuta yale yangeanza kuujenga upya siku hiyohiyo.

"Sasa kitapakwa nini?" akauliza.

Grafiti inafaa, kwa sababu ni unga mkavu, haigandi, na inavumilia joto kubwa kuliko lile la tundu la hewa. Huna grafiti ya unga, sugua penseli laini nyeusi kwenye nyuso zinazosuguana, ndivyo tulivyofanya. Lakini nikiulizwa ni kitu gani hasa kinalifanya tundu lisigande, sitataja grafiti. Nitasema ni kulisogeza.

Lisogezwe mwisho hadi mwisho kabla ya kuwasha, ili kama limeanza kugoma ujue mapema, nyama ikiwa haijaingia. Halafu lisogezwe tena baada ya kupika, jiko likiwa na joto bado. Hili la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo kubwa. Ukimaliza kupika unafunga matundu yote ili kuuzima mkaa. Lami ya mwisho inatua, chuma kinapoa, na bamba linagandia hapohapo lilipofungwa. Mara mbili tatu za kulizungusha kabla halijapoa kabisa zinakata ule mshikamano ukiwa bado laini. Mkaa ukishakufa kabisa na majivu yametolewa, yaachwe matundu yakiwa na uwazi kidogo, jiko likiwa limefunikwa dhidi ya mvua, unyevu upate pa kutokea.

Majivu hasa. Majivu yasilale kwenye jiko. Yakishapoa, yaende kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko.

## Ribiti

Kati ya matundu matatu ya chini, mawili yanafanya kazi vizuri sasa. La tatu halikukubali.

Lilikuwa limeganda limefungwa, na tulipolimulika kwa pembeni tukaona sababu. Kutu ilikuwa imeingia chini ya kichwa cha ribiti, mahali ambapo kadi haifiki wala msasa haufiki. Unaweza kusafisha kila kingo ya bamba hilo na bado lisigeuke, kwa sababu kinachoshikwa ni shingo ya ribiti.

Dawa yake inajulikana. Ribiti inatobolewa kwa drili, polepole, kuanzia kichwani, kwa keekee yenye unene wa shingo yake, huku enameli inayoizunguka ikiwa imebandikwa utepe mgumu ili isimeguke. Ikitoka, bamba linavuliwa zima na kusafishwa mezani. Mahali pa ribiti inawekwa bolti ya chuma kisichoshika kutu, washa (vile vipete bapa vya chuma) pande zote mbili, na springi ndogo ya kulibana bamba lisilegee mno wala kukaza mno. Nati iwe ya chuma kitupu. Zile nati za kujifunga zenye pete ya nailoni ndani hazifai karibu na makaa. Nailoni huyeyuka kuanzia nyuzi 220 hivi. Nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine zinatosha. Vilivyopakwa zinki navyo nisingeviweka upande wa moto.

Faida yake naiona wazi: tangu siku hiyo tundu linafunguliwa kwa bisibisi na spana, linasafishwa, linarudishwa. Kama jiko lingekuwa langu ningeshaifanya kazi hiyo.

Rafiki yangu anasita, na sababu yake ina uzito. Enameli ikimeguka kwenye tundu la ribiti, chuma kinabaki uchi mahali ambapo majivu na maji hukutana kila wakati, na kutu itaanzia hapo. Nilimwambia kutu imeshaanza, ipo chini ya kichwa cha ribiti sasa hivi. Akanijibu kwamba ile anaijua ilipo.

Kwa upande wa kupika, si lazima. Matundu mawili yanaingiza hewa ya kutosha kwa moto wa nyuzi 120, na la tatu kwa kuwa limefungwa halivujishi kitu. Anachokosa ni nafasi ya kupandisha joto haraka pale anapohitaji, na hilo kwa mapishi yake halimtokei mara nyingi. Lililonitia wasiwasi lilikuwa lile lisilofungika, na hilo sasa linafungika kwa kidole kimoja.

Tumekubaliana bolti, washa na springi zinunuliwe kwanza, zipimwe dhidi ya tundu la ribiti kwa nje, ziwepo mkononi. Drili itawashwa baada ya hapo, yeye mwenyewe akiishika.